Uzio wa Wendell

Wendell Zug aliapa mbele ya kaburi la mama yake kwamba ni kweli tupu: kulungu wa msituni kwake hawagusi maua. Verna Hostetter, jirani yake kule milimani Pennsylvania, hakuamini hata neno moja. Kila akipita msituni mle alikuta makangaga na mavi tu, na kupe wakimpanda miguuni kama wageni wa harusi. Maua meupe ya petali tatu, yaliyokuwa yakifunika mteremko mzima kila Mei, yalikuwa yakiliwa mpaka yakadumaa, na yakizidi kuliwa yatakwisha.

Basi miaka michache nyuma walizungushia wavu kipande kimoja cha mteremko, kulungu wasiingie. Mei hii wapime. Maua ya nje yakiwa mafupi kuliko ya ndani, Wendell awafungulie wawindaji msitu wapunguze kulungu. Yakilingana, Verna anyamaze.

"Nikishindwa," Wendell alisema, shavu limejaa tumbaku, "vibao vyangu vyote vya kukataza uwindaji naving'oa kwa meno!"

Siku ya kupima, Verna alimkuta amekwisha fika, jasho linamtiririka.

"Pima, mama, pima! Kulungu wangu wana adabu. Kuna mmoja hubisha hodi kwanza."

Nje ya wavu, maua yalikaribia magoti. Ndani, hayakufika hata kifundo cha mguu. Verna akapima tena.

"Hayapendi jela, maskini," Wendell alisema.

Verna akaingia ndani, akapiga magoti ayatazame vizuri. Kiganja kikazama kwenye kitu laini. Mavi mabichi ya kulungu.

"Wendell! Huyu wa kubisha hodi ulimfungulia wewe?"

"Si aliruka..."

"Akaruka, akaharisha, halafu akafukia mashimo ya nguzo kule kwenye maua marefu?" Udongo mbichi wa mashimo yaliyofukiwa ulionekana wazi, umeyazunguka maua marefu pande zote nne. "Umehamisha uzio, mzee mzima! Huna haya?"

Wendell akacheka. Akaona anacheka peke yake.

Mbele ya kibao cha kwanza, Verna akapangusa kiganja kwenye shina la mti. "Kwa meno, ulisema."

Wendell akatema tumbaku, akachomoa meno yake ya bandia, yanachuruzika ute mweusi, akayapachika kwenye kichwa cha msumari na kuanza kuvuta.

Verna aligeuza uso pembeni. Lakini hakuondoka mpaka kibao cha mwisho kilipoanguka.