Kilicholala Mgongoni Mwangu

Mimi ni fundi wa nguo, kazi yangu kupima viuno vya watu. Mwezi ule nilipimwa mimi. Kila asubuhi mume wangu alichukua tepu yangu akapima malengelenge yaliyoanzia mgongoni na kuzunguka ubavu wa kushoto hadi karibu na kitovu. Mkanda wa jeshi. Tangu utotoni tulisikia kwamba ncha zake mbili zikikutana, mtu amekwisha.

"Leo mkanda umesimama palepale," aliniambia asubuhi ya siku ya tisa. "Hata nusu inchi haukusogea."

"Tepu umeishika vizuri?"

"Yaani hata ukiwa mgonjwa unanifundisha kazi?"

Nilicheka, na kicheko kikanichoma kama pasi. Sitaki kujifanya shujaa: niliogopa. Blauzi ikinigusa ubavu nililia, na gauni la mteja lilikaa chini ya sindano ya cherehani wiki mbili nzima.

Malengelenge yalipoanza kukauka nilikwenda zahanati na hasira zangu zote. Nilisikia kuna chanjo, nikaitaka siku hiyohiyo. Muuguzi, binti wa umri wa kitinda mimba wangu, aliinua blauzi yangu, akatazama, akaishusha.

"Bado, mama. Magamba haya yadondoke yote, ngozi ifunge, uwe mzima kwanza."

"Kwani mnataka niugue tena ndipo mnichanje?"

"Haraka haraka haina baraka. Hakuna idadi moja ya siku; wapo madaktari wanaosubiri miezi sita, hata mwaka. Mwili wako umetoka vitani sasa hivi, silaha bado iko mkononi. Ila usije ukaacha kabisa. Kuugua mara moja hakuzuii kuugua tena."

Nikamuuliza kwa nini ncha hazikukutana. Akapitisha kidole katikati ya mgongo wangu, taratibu.

"Ulitokea hapa kwenye uti wa mgongo, ukafuata mshipa mmoja wa fahamu, wa upande huu wa kushoto. Kwa kawaida hauvuki katikati. Waliokutisha walikutisha bure."

Miaka thelathini na minane nakunja vitambaa na kuchora mstari wa katikati kwa chaki, wala sikujua kwamba na mimi nina wangu. Nilijishika mdomo.

"Na huko ndani uliingiaje?"

"Uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Nikiwa na miaka sita."

"Basi ni virusi vilevile. Wewe ulipona, vyenyewe vikabaki, vikalala kwenye mizizi ya mishipa mpaka mwaka huu."

Miaka hamsini na sita!

Tetekuwanga ile aliileta nyumbani kaka yangu kutoka shuleni. Nilikataa kulala mbali naye, nikaambukizwa. Alinishika mikono nisijikune, akanihesabia vipele hadi nikasinzia. Mwaka uliofuata homa nyingine ilimchukua, akiwa na miaka tisa. Picha yake hatuna, nguo yake hatuna, na sauti yake nimeisahau, jambo linaloniuma kuliko mkanda wowote. Kumbe kitu kilichotoka kwake kilikuwa hai mgongoni mwangu siku zote hizo. Nimeolewa nacho, nimezaa nacho, nimezeeka nacho. Nikashindwa kujua nishukuru au nilaani.

Nilirudi baada ya miezi sita. Ngozi ilikuwa imefunga, zimebaki alama tu. Muuguzi yuleyule alitoa kichupa kwenye friji, akavuta dawa. Nilikuwa nimekunja mkono wa blauzi, nikaushusha.

"Fundi mzima unaogopa sindano?"

"Mwanangu, chanjo hii itaviua hivyo vilivyolala?"

Alinitazama kwa mshangao, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hakuna dawa ya kuvitoa huko. Hii inaupa mwili nguvu ya kuvizuia visiamke. Na utarudi kwa sindano ya pili, kati ya miezi miwili na sita."

"Kwa hiyo vitabaki?"

"Vitabaki, hadi siku yako ya mwisho. Vitalala tu."

Nikaukunja tena mkono wa blauzi, hadi begani.

"Basi choma."