Kidole Kila Baada ya Saa Moja

Miezi minne nilifungwa na kidole changu mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nilishamaliza.

Mimi ni fundi wa mifumo hospitalini. Mkuu wa kitengo chetu aliniagiza nitengeneze kiunganishi, yaani kitu cha kuchukua majibu ya vipimo kwenye mfumo wa maabara na kuyapeleka kwenye skrini za wodini, ili tarishi apumzike kupanda ngazi na karatasi. Kazi yenyewe si ya kutoa jasho. Siku hizi huandiki programu nzima, unajaza faili kama unavyojaza fomu: majibu yako wapi, yasomwe kila baada ya dakika ngapi, yapelekwe wapi, mlango unafunguliwa kwa ufunguo gani. Nikaijaza, nikakiendesha kiunganishi kwenye laptopu yangu, nikakijaribu kwa siku mbili.

Kipengele cha ufunguo nilikiruka. Ufunguo rasmi unaombwa kwa barua kwa kamati ya maabara, na kamati hiyo hukutana ikijisikia. Nikaweka ruhusa yangu mimi, ile ninayoifungua kwa kidole gumba, ambayo hufa kila baada ya saa moja. Nikajiambia ni ya majaribio tu, kesho nitabadilisha.

Kesho yake Mkuu akapita, akaona majibu yanaingia wodini, akatangaza mkutanoni kwamba kazi imekamilika. Watu wakapiga makofi. Nilipaswa kusimama niseme bado. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nami nikainamisha kichwa kinikae vizuri.

Tarishi akahamishiwa getini. Mimi nikahamia kwenye kiti, maana laptopu ile ilifanya kazi kwenye mtandao wa hospitali tu. Usiku maabara hufungwa, hapo Mungu alinihurumia, lakini mchana kutwa nilibonyeza kidole kila saa. Chakula nilikila mezani. Msalani nilikwenda mbio kama mtu anayedaiwa. Shangazi yangu alipofariki, mazishi niliyasikiliza kwenye simu, jicho kwenye saa. Kumwomba mwenzangu anisaidie ilikuwa ni kujiumbua, na kupeleka ile barua sasa ilikuwa ni kukiri kwamba wiki zote hizo nilidanganya. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaondoa hata ngazi.

Ndipo Baba akapasuliwa jicho. Baba ni fundi cherehani mstaafu, na mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga na vivuli tu. Miaka mitatu hakuwa ameuona uso wangu. Bandeji ingefunguliwa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye kliniki ya macho iliyo mwendo wa saa moja kutoka kazini kwangu.

"Wa kwanza nitakayemwona uwe wewe," aliniambia. "Nikianza na mdogo wako nitajuta kupona."

Niliomba ruhusa. Mkuu alitoa mara moja. "Nenda dada, usiwe na wasiwasi. Mashine haiumwi."

Alhamisi nilipita ofisini saa mbili. Hesabu yangu ilikuwa nibonyeze mara moja, nikimbie, skrini zikizima saa tatu wadhani ni mtandao. Nilikuwa nimeshavaa mkoba begani Metroni wa wodi ya wazazi alipopiga simu.

"Mwanangu, hicho kiunganishi chako kiko sawa leo? Nina mama amejifungua, damu haikati. Nataka majibu yake yakitoka tu niyaone."

"Kiko sawa, Mama."

Nikakaa. Saa tatu nikabonyeza. Nilijichukia, na nilimchukia hata yule mama aliyekuwa akitokwa na damu, Mungu anisamehe. Saa nne nikabonyeza tena. Dakika ishirini baadaye simu ikalia, mdogo wangu.

"Uko wapi, dada? Wameshamtoa bandeji."

"Anaona?"

"Tutajuaje? Amefumba. Daktari amembembeleza amechoka, kamtoa kwenye kiti wengine waendelee. Yuko hapa koridoni na macho ameyafumba. Anasema atafumbua ukifika."

"Nipe niongee naye."

Baba akaja kwenye simu. "Usikimbie, mwanangu," akasema. "Maliza kazi. Giza nimelizoea."

Nilikata simu, nikampigia Metroni kabla sijapata muda wa kutunga uongo mwingine. Nikamwambia yote: kidole, saa moja, miezi minne.

"Yaani ndiyo maana sikuoni hata kantini?"

"Ndiyo, Mama."

"Huyu mama damu imeanza kukata. Namtuma nesi akae palepale maabara, amsubirie karatasi zake. Na tarishi namrudisha leo hii." Akashusha pumzi. "Ni ghorofa mbili tu, mwanangu. Ungesema, tungetembea."

Ghorofa mbili. Nilimwandikia Mkuu ujumbe kwamba kiunganishi hakijawahi kukamilika na kwamba nakizima. Nikakizima, nikafunga laptopu, nikatoka. Simu ya Mkuu ilianza kulia nikiwa ngazini na sikuipokea.

Nilimkuta Baba kwenye benchi, mikono mapajani, macho yamefumbwa. Mdogo wangu alikuwa pembeni yake amenuna.

"Shikamoo, Baba."

Akafumbua. Jicho lilikuwa jekundu, likitoa machozi, lakini lilitua usoni kwangu likabaki hapo. Nilitabasamu ili anione vizuri. Yeye hakutabasamu. Alinyoosha mkono, akanishika shavu, akapitisha kidole chini ya macho yangu.

"Nani amekuchakaza hivi, mwanangu?" akauliza.

Nilitafuta wa kumtaja. Ningeweza kumtaja Mkuu, ningeweza kuitaja kamati. Nikamwambia hakuna mtu, Baba, ni mimi mwenyewe, nikalia mbele ya wagonjwa wote.