Waya Ulikuwa Bado Umechomekwa

"Nilikwambia ufute lini? Hebu niambie, lini?"

"Jumamosi. Ulisimama hapo hapo, kikombe cha chai mkononi, ukasema, 'Futa tu, mzigo umefika.'"

"Mimi?"

"Kwani nina dada mwingine?"

Fundi sauti alimpa mdogo wake mgongo. Aliigeukia kompyuta mpya, akabofya pale pale alipobofya mara ishirini tangu asubuhi. Kazi ikafunguka bila shida: mistari kumi na minne, mmoja kwa kila hadithi, kila mstari na rangi yake na jina aliloliandika kwa mkono wake. Kisha kile kisanduku kikajitokeza katikati ya kioo: mafaili ya sauti hayapatikani.

Zilikuwa hadithi za mama yao. Alizisimulia mwezi mzima mbele ya maikrofoni, ndani ya chumba hiki hiki kilichobandikwa magodoro ukutani, kabla hajapasuliwa koo. Upasuaji uliondoa uvimbe, ukaondoka na sauti yake yote. Siku hizi mama anasema kwa daftari, na akitaka kuitikiwa anagonga kwa kalamu. Leo alikuwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta, ameketi mbele ya spika tangu saa tatu, na gauni lake la kutokea. Aliahidiwa kwamba atajisikia akisimulia.

"Lakini si hii hapa?" Mdogo mtu alisogea. Nyumbani walimwita Mkato, maana hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa njia ndefu. Akagusa kioo kwa kidole. "Sauti naiona. Milima na mabonde."

"Unaona picha yake. Programu inaichora mara moja na kuihifadhi pamoja na kazi. Sauti yenyewe inakaa kwenye folda nyingine. Na toa kidole, kina mafuta."

Akabonyeza kitufe cha kucheza. Alama ikatembea juu ya milima ya mama, ikapita alipocheka, ikapita alipokohoa na kuomba maji. Kimya. Sebuleni nako, kimya.

Kompyuta ya zamani ilikuwa imerudishwa pembeni ya meza. Alimpa Mkato aitumie kwa video zake za harusi, na Mkato hakulaza damu: alifuta kila kitu, akajaza harusi tatu. Tangu asubuhi programu ya kufukua vilivyofutwa ilikuwa inakwangua diski yake. Ilileta vipande mia mbili, nao walivisikiliza kimoja kimoja. Makofi. Mshereheshaji akiwaita wajomba wa bibi harusi wapige picha. Mtu akijaribu maikrofoni, moja mbili, moja mbili. Kimoja tu kilikuwa cha mama: sekunde mbili za kiti kikilia, na mtu akivuta pumzi ili aanze.

"Hata moja hukuwahi kumtumia mtu kwenye simu?" Mkato aliuliza.

"Mama aliniomba. Nikamwambia asubiri, simu inachuja sauti."

"Basi umeichuja kweli, dada."

Angemrushia kipaza sauti. Hakurusha, kwa sababu kuna jambo lilikuwa linamkera kichwani.

"Ngoja. Jumamosi niliisikia. Kwenye kompyuta hii hii. Hadithi ya tano niliisikiliza mwanzo mpaka mwisho ndipo nikakwambia ufute. Kama hapa haikuwepo, ilikuwa inatoka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi si mtu wa harusi tu?"

Akakisoma kile kisanduku upya, safari hii mpaka chini, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu huyasoma. Programu ilikuwa inataja mahali inapozitafuta sauti. Halikuwa jina la kompyuta mpya. Lilikuwa jina la ile ya zamani.

Akainama chini ya meza. Waya wa bluu ulikuwa umechomekwa kwenye kompyuta mpya. Ncha ya pili ilikuwa sakafuni, kwenye vumbi.

"Huu waya uliuchomoa lini?"

"Nilipokuwa naibeba ile ya zamani. Si ulishaniambia tayari?"

Fundi sauti akabaki amechuchumaa. Sasa aliona yote, na hakukuwa na pa kujificha. Alihamisha faili dogo la kazi peke yake. Sauti zilikuwa nzito, zingechukua saa nzima, akasema atazihamisha baadaye. Halafu akajaribu waya ukiwa bado umechomekwa, programu ikawa inazichota kutoka kule kule zilikokuwa, naye akasikia mama anaongea na akaridhika. Yeye! Yeye anayewagombeza wateja kila wiki: leteni na folda ya sauti, msiniletee faili tupu.

"Ni mimi," alisema.

Mkato alimtazama, akaelewa nusu. Nusu hiyo ilimtosha.

"Sikiliza, dada. Mwambie mama ni mimi. Keshanizoea. Ataninunia wiki moja, ataniandikia matusi kurasa mbili, yataisha. Wewe ndiye anayekutegemea."

Kalamu ikagonga ukutani. Mara tatu.

Ingekuwa rahisi mno. Mama angeamini kabla sentensi haijaisha. Angetikisa kichwa, angeandika, "Nilijua tu." Na Mkato angebeba mpaka mwisho, huku akicheka, kosa la mtu aliyefanya alichoambiwa.

Programu ya kufukua ikafika asilimia mia. Hakuna kingine kilichopatikana. Fundi sauti akaizima kompyuta ya zamani, akazikunja nyaya zake, akamkabidhi mdogo wake mikononi.

"Nenda kamalize harusi za watu."

"Na mama?"

Fundi sauti alifungua mlango, akaingia sebuleni. Taa ndogo ya spika ilikuwa bado inawaka, na mama alikuwa ameisogezea kiti kiasi kwamba goti lake liliigusa. Aliinua uso, akatabasamu, akaligeuza daftari: *Tayari?*

Fundi sauti alizima spika kwanza.

"Mama, hadithi zako zimepotea. Zote. Haziwezi kurudi. Si Mkato. Nimezipoteza mimi."