Nukta za Vedasto

Mimi sina subira, na bado nikachagua kusomea kazi inayotaka subira tupu: kutengeneza vitabu vya kale. Niko mwaka wa mwisho chuoni hapa Guangzhou, China, na mtihani wangu ulikuwa kitabu kimoja cha ngozi, sura tatu za Injili kwa Kiswahili, kilichotengenezwa jinsi Wakristo wa karne za mwanzo walivyotengeneza vyao. Kikikataliwa, narudi Bukoba bila shahada.

Ngozi za mbuzi nilizipata kwa muuza nyama wa mtaa wa Xiaobei. Nikaziloweka kwenye chokaa siku kumi, majirani wakanichukia kwa ile harufu, nikazikwangua manyoya na kuziwamba. Wino nilichanganya mwenyewe kwa masizi na gundi ya mti. Nikakunja, nikashona, nikaandika kwa kalamu ya tete, maneno yote yamefuatana bila nafasi, na jina la Mungu nimelifupisha na kulipigia mstari juu, kama walivyofanya wao. Miezi mitano nzima. Hakikuwa na doa hata moja, na kusema kweli nilikipenda kupita kiasi.

Mwalimu Liang, msimamizi wangu, alitaka kitabu kisomwe kwa sauti mbele ya watu, maana ndivyo vitabu hivyo vilivyotumika. Zamani zile wengi hawakujua kusoma, walikusanyika wakasikiliza. Nikamwomba Vedasto. Huyu ni wakala wa mizigo pale jengo la Tianxiu, wiki nzima anafokeana na simu kuhusu makontena ya bandari ya Nansha, na Jumapili ndiye msomaji wa masomo kwenye jumuiya yetu. Sauti anayo. Nikampa kitabu Alhamisi akafanye mazoezi, na Jumamosi nikakifuata ofisini kwake.

Nikafungua. Kurasa zote zilikuwa na nukta nyekundu za peni.

"Vedasto! Umefanya nini?"

"Alama za pumzi, dada," akajibu, wala hana wasiwasi. "Kila somo huwa naweka. Hapa napumua, hapa natua. Maneno yako yameshikana kama tambi. Bila nukta, meiyou, hakuna kusoma."

"Huu ni mtihani wangu!"

"Ndiyo maana nimeziweka kwa uangalifu."

Nilitamani kumrushia stepla. Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nikachukua kisu kidogo. Uzuri wa ngozi ni kwamba kosa hukwanguliwa, hata wa kale walikwangua. Nukta tatu za ukurasa wa nne zikatoka. Ya nne ikatoka na ngozi yenyewe, nikabaki na tundu dogo. Nililia. Halafu nikaweka kisu chini, kwa woga tu, nisijisifu.

Jumatatu wakaja watahini watatu, Mwalimu Liang akiwa mmoja wao, wanafunzi wenzangu, na watu kumi na wawili wa jumuiya wamevaa nguo za kanisani. Vedasto akasimama na suti yake, akasoma. Jamani, alisoma! Mtu aliyekuwa akichezea simu akaiweka mfukoni. Mimi mwenyewe niliyeandika kila herufi nilisikia habari ile upya, na hasira ikaanza kunitoka.

Alipofika ukurasa wa nne akakwama. Akapumua katikati ya neno, akarudi nyuma, akajaribu tena. Ndipo nilipokwangua. Alipovuka ukurasa ule, sauti ikarudi sawa mpaka mwisho.

Mwalimu Liang akakichukua kitabu, akaweka kioo chake cha kukuzia juu ya ukurasa wa nne.

"Sijui Kiswahili," alisema kwa Kichina, "ila nimesikia alipojikwaa. Nani amekwangua hapa?"

"Mimi, Mwalimu. Msomaji alikuwa amekichafua."

"Amekichafua?" Akafunua kurasa nyingine taratibu. "Wasomaji wa zamani nao waliweka alama kama hizi kwenye vitabu vyao. Ngozi umeiga, wino umeiga, mwandiko umeiga vizuri sana. Nukta hizi tu ndizo ambazo hukuiga. Zimewekwa na mtu aliyekihitaji kitabu."

Akawatazama wenzake wawili, wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nimefaulu, na aibu na furaha vilinijaa pamoja.

Nikaazima peni nyekundu kwa mtahini wa karibu, nikampa Vedasto mbele ya watu wote.

"Ukurasa wa nne, kaka," nikamwambia. "Zirudishe."