Viti vya Kikao cha Ziwa

"Kata tena," alinong'ona afisa wa itifaki wa Kenya. "Wale bado wako juu yetu."

Were alipiga magoti kwenye zulia la hoteli, katikati ya jiji, akaweka msumeno kwenye mguu wa kiti. Asubuhi alikuwa ameitwa kutoka karakana yake ya useremala mtaani Satellite kwa kazi hiyo tu. Wajumbe wa Kenya na wa nchi jirani walikuja kuzungumzia mpaka wa ziwani, hasa jabali moja lisilotosha hata kupandwa sukuma wiki, na kila upande uliapa kuwa viti vya wenzao ni virefu zaidi. Watu wazima, wenye tai na walinzi, walikataa kuketi!

Akakata vya jirani. Punde mjumbe wao mmoja, mama wa miwani mikubwa, akamvuta pembeni. "Fundi, mbona sisi tunaonekana wafupi? Hebu punguza na vya wenyeji."

Akakata vya Kenya. Wakenya nao wakanuna.

Were hakuwa na haja na jabali. Alimtaka Okinyi, mdogo wake, aliyekamatwa na polisi wa jirani akitega nyavu karibu na jabali hilo, na sasa amefungiwa ng'ambo. Kuachiliwa kwa wavuvi kulikuwa ajenda ya mwisho. Phoebe, mke wa Okinyi, alikuwa amempigia simu Were akiwa njiani kuja hotelini. "Shem, si utakuwa nao hapo ndani? Waambie tu. Wewe watakusikia."

Basi akamwendea kiongozi wa ujumbe wa Kenya, kofia mkononi. "Mheshimiwa, kuna kijana wetu anaitwa Okinyi, alishikwa huko..."

Mheshimiwa hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alimsukumia chupa ya maji. "Asante, fundi. Malizia hivyo viti."

Hasira zikampanda Were. Kwa kawaida yeye humwambia mteja yeyote, kabla ya kukata, kwamba mguu wa kiti ukishakatwa haurudi. Safari hii alinyamaza. Wajumbe wa pande zote walipomrudia, huyu kwa kunong'ona, yule kwa kumkonyeza, alikata kwa raha zake. Wanataka chini? Waende chini.

Walipoketi hatimaye, magoti yaliwafika vifuani na meza ikawafika kidevuni, kama watoto wa nasari wanaosubiri uji. Wapiga picha waliangua kicheko. Mheshimiwa alijaribu kuinuka akashindwa, ikabidi mlinzi amsukume kwa nyuma. Were naye alicheka kimoyomoyo, na kicheko kilikuwa kitamu.

"Kikao kimeahirishwa," akatangaza afisa wa itifaki, uso umemwiva. "Hatuwezi kudharauliwa hivi."

Kicheko kikamkauka Were. "Na wavuvi je?"

"Wavuvi gani? Si hata ajenda ya kwanza hatujaanza."

"Sasa mtarudi lini, mkubwa?"

"Mwakani, pengine. Hawa watu wako na safari mingi, boss."

Ukumbi ukabaki mtupu. Were aliketi kwenye zulia, katikati ya unga wa mbao. Simu ikaanza kulia mfukoni, akajua ni Phoebe. Aliokota kipande cha mguu, akakiegemeza chini ya kiti, pale pale alipokuwa amekikata. Kilikaa sawasawa. Akakishikilia hivyo, simu ikilia, ikanyamaza, ikalia tena, na hakuthubutu kuondoa mkono.