Vitanda vya Makame

Sikuzani binti Mbaruku alikuwa amechoka kutandika vitanda visivyolaliwa. Kila asubuhi alikung'uta lile vumbi jekundu la Dodoma linaloingia hata kwenye sanduku lililofungwa, akanyoosha mikeka, akafagia vyumba, na jioni alivikuta vitanda vile vile alivyoviacha. Mumewe, Makame, alikuwa barazani amevaa kanzu safi, anasubiri wasafiri.

Walihamia hapa kutoka Mpwapwa mwaka ule reli ya Wadachi ilipofika. Huko Mpwapwa baba yake Makame alikuwa akipokea misafara ya bara. Wapagazi walitua mizigo na kuomba pa kujinyoosha. Reli ikaupita mji ule kwa mbali, misafara ikakatika, na Makame akasema, "Wasafiri hawajaisha, wamehama tu. Nasi tuwafuate."

Hilo Sikuzani alilikubali. Lililomshinda ni lililofuata. Makame alijenga nyumba ndefu, baraza mbele, vyumba pande mbili, na kila chumba vitanda vya kamba. Hakumwuliza mtu. Mkewe alipotaka kujua ni nani hasa watakaolala humo, alicheka.

"Binti Mbaruku, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya wageni. Leo wewe unifundishe mgeni anataka nini?"

Wageni walikuwapo. Kila mkesha wa soko Wagogo walikuja kutoka Bahi na Mvumi na ng'ombe wa kuwauzia wachinjaji waliowalisha wajenzi wa reli. Walifika mbele ya baraza, wakasalimu, wakaisifu nyumba, kisha wakaenda zao hadi uwanda wa nyuma ya stesheni, wakalala chini. Makame akasema ni giza linalowatisha, akanunua taa. Hawakuingia. Akasema hawajui kitanda. Akakitoa kimoja barazani wakione. Mtu mmoja alikikalia, akakisifu, akaondoka. Akasema basi ni ushamba. Hapo Sikuzani aliondoka akaenda jikoni, asije akatamka neno ambalo asingeweza kulirudisha.

Mwisho Makame akatangaza kwamba anakwenda Mpwapwa kuleta magodoro ya sufi.

"Kamba zinaumiza mbavu," alisema. "Ndiyo sababu."

"Nani kakuambia zinaumiza? Hajazilalia mtu."

"Ndiyo maana hawazilalii."

Makame akaenda.

Siku ya soko iliyofuata, asubuhi, Sikuzani alimkuta Matonya ameketi kando ya njia. Alikuwa mzee wa Bahi aliyepita hapo mara nyingi na mifugo yake. Leo mapajani alikuwa na ngozi ya ndama iliyochanika.

"Mbukwenyi," alimsalimu kwa Kigogo, kwa heshima, hata katika hali ile.

"Pole, baba. Ni fisi?"

"Fisi. Tulikesha. Alfajiri tukasinzia kidogo tu."

"Na mlango wetu uko wazi kila siku. Kwa nini hamji kulala?"

Matonya alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali ndani ya chungu. "Nikilala ndani, ng'ombe wanalala na nani? Kwetu nyumba inawazunguka ng'ombe, wao wako katikati. Nyumba yenu nzuri, mama, lakini haina tumbo."

"Muda wote huu mbona hamkusema?"

"Nani aliuliza?"

Hasira zilimpanda Sikuzani, asijue amkasirikie nani. Mumewe? Wagogo hawa na adabu yao ya kusifu na kupita? Au yeye mwenyewe, aliyemlaumu Makame kwa kutouliza, na uwandani hajawahi kukanyaga?

Jioni ile alikwenda. Wachache waliokuwa hawajauza walikuwa wamebaki. Aliketi nao, akauliza, kisha akanyamaza asikilize. Alidhani watataka maji. Wakasema wameshanywesha njiani. Alidhani watataka chakula, walikuwa nacho. Walitaka zizi la miiba ambalo fisi hapenyi, mahali ambapo askari wa stesheni hawatawafukuza alfajiri eti ng'ombe wanakanyaga reli. Basi.

Matonya na wenzake walikata miiba, wakaizungushia nyuma ya nyumba. Nguzo za mlango zilipokosekana, Sikuzani alivunja vitanda viwili, na kwa kweli alifurahia kuvivunja. Soko lililofuata zizi lilijaa. Wenyewe walilala nje, migongo ukutani, na asubuhi kila mmoja alitoa alichonacho, huyu pesa, yule maziwa.

Makame alirudi na magodoro yake yamebebwa na punda. Alisimama uani, akavuta harufu.

"Nyumba ya baba yangu haikunuka samadi."

"Ya baba yako ililaza wapagazi, Makame. Hawa si wapagazi."

"Ng'ombe si msafiri."

"Basi walaze wenyewe bila ng'ombe wao. Si umejaribu tangu kiangazi kilichopita?"

Alinuna. Kwa siku kadhaa alilalia magodoro yake peke yake, na uani hakukanyaga. Kisha jioni ya mkesha wa soko akaja jikoni uso umechangamka.

"Nimepata wazo. Zizi tuliezeke. Mvua zikija—"

"Umewauliza?"

Sikuzani akajiandaa kwa ugomvi. Lakini mumewe alikusanya kanzu yake mkononi, akazunguka nyuma, akachuchumaa penye moto wa Matonya, kwa taabu, kama mtu asiyezoea kukaa chini. Walizungumza hata chakula kikapoa. Alirudi amekunja uso.

"Paa hawataki. Wanasema mlango ni mwembamba, ng'ombe wanaumizana pembe wakiingia."

Sikuzani aliacha mwiko chunguni. Mlango ule aliupima yeye, kwa macho yake, bila kumwuliza mtu.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Niletee shoka," alisema Makame, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alionekana ameridhika kidogo.