Sifuri za Miaka Ishirini na Sita

Daktari wa damu alikuwa mwanamke mdogo kiumri, mdogo kiasi kwamba Shikilia alipoingia alimwuliza daktari yuko wapi. Akaambiwa ndiye huyo anayezungumza naye. Akaomba radhi, akakaa, akaweka kofia magotini, na baada ya hapo hakupata tena nafasi ya mzaha.

"Ni saratani ya damu," daktari alisema. "Inaanzia kwenye uboho, huko ndani ya mifupa. Ndiyo maana fizi zinakutoka damu na ngazi zinakushinda. Dawa tunaanza baada ya wiki mbili. Sikufichi, mzee, imeshakwenda mbali."

Shikilia akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya stendi.

"Kazi yako?"

"Napiga eksirei. Hospitali ndogo ya kule kwetu. Mwaka wa ishirini na sita huu."

Daktari aliinua macho, akavuta faili la kazini ambalo Shikilia alikuwa ameambiwa aje nalo. Mpiga eksirei yeyote hutakiwa kuvaa kifuani beji, kiboksi kidogo cha plastiki kinachopima mionzi inayompata. Kila baada ya miezi mitatu beji hupelekwa ofisi ya mionzi, inasomwa, na jibu linarudi kwa maandishi. Daktari alipekua majibu yote, kidole kikishuka ukurasa hadi ukurasa. Sifuri. Sifuri. Sifuri.

"Kwa karatasi hizi," alisema, "wewe ni kama mtu aliyekaa sebuleni kwake miaka yote hiyo."

"Nilikuwa mwangalifu."

Neno lilimtoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka hakuwa na pa kulirudishia. Akakohoa. "Na kama zisingekuwa sifuri, dokta? Nauliza tu."

Daktari aliegemea kiti. Ilionekana ni swali analolipenda. "Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu mwembamba, ndio vinasaba, umebeba maelekezo yote ya seli hiyo. Mionzi inaukata. Lakini seli ina mafundi wake, wanaushona. Na wanajua kushona, wala usiwadharau. Sasa ukiwakatia leo, kesho, keshokutwa, hawapumui. Siku moja wanashika ncha hii wanaiunga na ncha isiyo yake. Seli nyingi zikijiona zimeharibika hivyo zinajiua zenyewe, ndivyo zilivyoumbwa. Shida ni ile moja inayokataa kufa. Inazaa, na watoto wake nao hawafi."

"Na mwenyewe husikii kitu?"

"Husikii. Unakula, unacheka, unaozesha binti. Miaka kumi, ishirini." Akafunga faili. "Lakini hata moshi unafanya hivyo, kemikali zinafanya, umri wenyewe unafanya. Kwako siwezi kusema ni nini. Ila kwa sifuri hizi, angalau wenzako waliobaki pale hawana cha kuogopa."

Hapo ndipo Shikilia alipoumia. Saratani alikuwa ameipokea. Hili la pili halikupata pa kukaa, kwa sababu wenzake waliobaki pale walikuwa mtu mmoja tu, mpwa wake, binti wa dada yake, aliyemleta yeye mwenyewe.

Jina la Shikilia alipewa na wagonjwa. "Vuta pumzi. Shikilia. Usipumue. Haya, pumua." Mkewe alikuwa akisema ameolewa na mwanamume pekee duniani anayelipwa kwa kuwakataza watu kupumua. Watoto walimpenda. Mtoto mwenye mkono uliovunjika hatulii juu ya meza ya eksirei, lazima ashikwe, na mama akimshika huenda ana mwingine tumboni ambaye hata hajamjua. Basi Shikilia alikuwa akimvika mama ile aproni nzito ya madini ya risasi inayozuia mionzi, maana ilikuwa moja tu, anamsogeza pembeni kidogo, kisha anamshika mtoto yeye mwenyewe, mikono mitupu, huku akimwimbia upuuzi. Kwa hesabu yake alishawashika maelfu.

Na beji? Beji ilikuwa kwenye msumari, chumba cha chai.

Hii ilianza zamani, chini ya bosi wake wa kwanza. Bosi huyo alikuwa akivaa beji yake kama sheria inavyotaka, mwaka mmoja ikasomeka juu. Ofisi ya mionzi ikaagiza atolewe chumbani. Akapelekwa dirisha la mapokezi, akaandika majina ya wagonjwa mpaka akastaafu, yeye aliyekuwa akiona ufa kwenye mfupa kabla filamu haijakauka. Chumba kikafungwa miezi minne, waliovunjika wakasafirishwa hospitali ya mkoa, wengine wakafika mguu umeshaoza. Tangu hapo waliobaki walijiwekea utaratibu. Asubuhi unafika, unatundika beji kwenye msumari, unaingia kazini. Wakaiita beji mtoto, maana hung'ang'ania kifua. "Umemlaza mtoto?" mmoja anauliza. "Kalala fofofo," mwenzake anajibu. Wanacheka. Akija mkaguzi, mtoto anaamshwa.

Mpwa wake alipokuja na cheti chake kipya, miaka sita iliyopita, jambo la kwanza alilomfundisha lilikuwa msumari.

Siku ya pili baada ya kutoka kwa daktari, Shikilia aliingia kazini akamkuta mpwa keshaanza. Alikuwa ameketi kwenye stuli yake nyuma ya ukuta mfupi wa kujikinga, anachungulia mgonjwa kupitia kidirisha, kidole kwenye kitufe. Mashine, ambayo wote waliiita Bibi kwa uzee wake, ikanguruma na kunyamaza.

"Beji yako iko wapi?" Shikilia aliuliza mgonjwa alipotoka.

"Kalala."

"Kamchukue. Kuanzia leo unavaa."

Mpwa akamgeukia, akamwangalia kama anasoma filamu. "Mjomba, mkaguzi anakuja?"

"Hakuna mkaguzi. Vaa tu."

"Ikisomeka juu?"

"Ikisomeka juu imesomeka."

"Halafu nikaandike majina pale dirishani. Mwandiko wenyewe huu." Alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Wewe ndiye uliyeniambia, Mjomba. Chumba kikifungwa watu wanapotea. Na kufungwa kwa lipi? Faili lako lote sifuri. Walikupa mpaka barua ya pongezi."

"Sifuri za msumari zile."

"Najua. Lakini ungekuwa unaungua si ungeonekana? Mtu miaka ishirini na sita yuko hapa na Bibi, mzima kama chuma. Umekonda kidogo tu, na hiyo ni kwa sababu mkaza mjomba amekukataza chumvi."

Angeweza kumwambia pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini nyumbani alikuwa hajamwambia mtu ila mkewe, na mkewe alikuwa amekaa jikoni tangu juzi akisugua sufuria ambazo ni safi. Shikilia akaufunga mdomo. Akaondoka kwenda chumba cha giza, na huko, katikati ya harufu ya dawa za kusafishia filamu, akapata wazo ambalo fundi wa kazi yake tu angelipata.

Alichukua kaseti, lile bapa la kutilia filamu lisilopitisha mwanga wa kawaida, akaweka filamu mpya. Akatoa funguo zake za nyumbani, akazibandika juu ya kaseti kwa plasta ya hospitali. Mpwa alipokwenda kunywa chai, akaibandika kaseti chini ya meza ya kitufe, pale nyuma ya ukuta wa kujikinga, usawa wa kiuno cha mtu aliyeketi kwenye stuli. Kama ukuta unakinga, filamu ingetoka tupu. Kwa siku tano, akirudi nyumbani akakuta mkewe hayupo, alikuwa akiingilia dirishani, akamwambia mkewe funguo zimepotea. Mkewe, ambaye wiki hiyo alikuwa akimkubalia kila kitu, hilo pia akakubali.

Siku ya sita akabandua kaseti, akajifungia chumba cha giza, akasafisha filamu mwenyewe, akaitundika mbele ya boksi la taa.

Funguo zilikuwepo zote, nyeupe kwenye weusi. Ufunguo wa mlango wa mbele na meno yake, wa kabati, hata kile kipete kilichopinda. Filamu ilikuwa imepigwa na mionzi siku tano mfululizo mahali ambapo haikupaswa kupigwa hata mara moja, na weusi ulikuwa mzito zaidi upande wa juu, upande wa kidirisha.

Shikilia alifungua mlango, akakitazama kidirisha kile, na akakumbuka, japo hakutaka. Miaka saba nyuma kitanda cha magurudumu kilikigonga kikavunjika. Kioo chake ni cha pekee, kizito, kimechanganywa na risasi, na huagizwa mbali. Fundi wa majengo akaweka kioo cha kawaida, cha dirisha, kwa muda tu. Miezi mitatu baadaye majibu ya beji yakarudi: sifuri. Mkaguzi akaangalia sifuri, akaangalia kioo, akaandika kinga ni nzuri. Shikilia akatia sahihi. Kioo cha risasi hakikuagizwa tena. Mwaka uliofuata, mtoto wa dada yake akaja akakaa kwenye ile stuli.

Alimwita. Mpwa akaingia akifuta mikono, akasimama mbele ya boksi la taa, na kwa mazoea akaanza kusoma. "Funguo. Mtoto kameza?" Kisha akasogea. "Hapana, hizi hazina mwili." "Mjomba, hii umeiweka wapi?"

"Chini ya meza ya kitufe. Siku tano."

Mpwa akaweka kiganja chake juu ya filamu, kisha akakishusha, pole pole, mpaka kwenye tumbo lake, akipima meza ya kitufe humfikia wapi akiketi. Ilikuwa hapo hapo.

"Kioo," alisema.

"Ni cha dirisha. Kilivunjika kabla hujaja."

"Ulijua?"

"Nilijua ni cha dirisha. Nilikuwa sijafikiria kwamba…"

"Ulijua."

"Nilijua," Shikilia alisema. Akamweleza yote, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi: uboho, dawa za wiki ijayo, daktari na faili, uzi unaokatwa na kushonwa, miaka kumi au ishirini ya kutojua. Alipofika kwenye seli inayokataa kufa akaendelea kwa kunong'ona.

Mpwa alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpa pole. Nje, kwenye benchi, mtoto alikuwa analia na mama yake anambembeleza, zamu yao ndiyo iliyofuata.

"Mwambie huyo mama aende hospitali ya mkoa," mpwa alisema. "Siwezi mimi. Nenda wewe ukamwambie."

"Mkono umevunjika, ni mwendo wa saa tatu…"

"Nenda wewe."

Alikwenda. Mama yule alimwuliza kama mashine imeharibika, na Shikilia akasema ndiyo, kisha akasema hapana, sisi ndio tumeharibika, na mama hakuelewa, akambeba mtoto wake akaondoka akilalamika. Aliporudi ndani, mpwa alikuwa ameshakata umeme wa mashine na kuweka karatasi mezani na kalamu juu yake.

"Andika kwa ofisi ya mionzi. Msumari, kioo, sahihi, miaka. Majina yote, na langu. Mimi sikusaidii hata herufi."

Aliandika kurasa mbili. Chumba kikafungwa wiki hiyo hiyo, barua ya pongezi ikafutwa kwa barua nyingine, na mjini watu wakasema Shikilia ameamua kustaafu kwa kuwaachia wenzake mzigo. Dada yake alipiga simu. Hakumtukana. Alimwuliza tu, "Nilikupa mtoto wangu umfundishe kazi, sivyo?" Shikilia akasema ndivyo. Dada yake akakata.

Siku ya dawa ya kwanza, mpwa naye alikuja kupimwa damu. Hawakusafiri pamoja. Alimkuta Shikilia ameshachomwa sindano, ameegemezwa kitini na mrija mkononi, akakaa viti viwili mbali naye. Shikilia alijaribu kumwambia kwamba muuguzi wa pale ana sura ya mbuzi aliyenyimwa majani. Mpwa hakugeuka.

Daktari alitoka na karatasi, akamwendea mpwa. "Damu yako ni nzuri."

"Nzuri kabisa?"

"Nzuri leo." Daktari alikaa karibu naye. "Sina kipimo cha kunionyesha uzi uliounganishwa vibaya ndani ya seli moja iliyojificha. Huenda haipo. Watu wengi wamepata mionzi zaidi ya hiyo wakazeeka salama. Nitakupima kila miezi sita."

"Mpaka lini?"

Daktari akamtazama Shikilia, kama vile yeye ndiye mwenye jibu. Shikilia akaangalia mrija.

"Tutaendelea kupima," daktari alisema.

Muuguzi alileta kadi ya kliniki, mpya, ngumu, ina mistari kumi ya kuandikia tarehe. Akajaza mstari wa kwanza, akamkabidhi. Mpwa akaihesabu ile mistari kwa ncha ya ukucha, mmoja mmoja.

"Hii ni ya miaka mitano tu," alisema.

"Ikijaa tunakupa nyingine, dada."

"Nipe kabisa za miaka mingine ishirini. Nipe nne."

Muuguzi alidhani anataniwa, akatabasamu, akamtazama mzee kwenye kiti cha dawa ili wacheke wote. Shikilia, ambaye hakuwahi kuacha mzaha umpite, alikuwa amegeuzia uso ukutani. Basi muuguzi akafungua droo, akahesabu kadi nne, akampa.

Mpwa akazifunga kwa mpira, akazitia kwenye mkoba, akatoka kumpigia simu mama yake.